Tuma na ya Kutolea

Wasomaji wetu, katika toleo lililopita tuliahidi kwamba safari hii tungezungumzia majina ya kanga. Ahadi ni deni, na deni hilo tutalilipa toleo lijalo. Kilichotuchelewesha ni swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kikao chetu cha Jumatano, wakati vitumbua vimekwisha na watu wanatafuta makoti yao. Aliuliza: Waswahili husemaje pale mtu anapoona picha ya mwenzake kwenye programu ya kutafuta wachumba, akavutiwa, akasukuma kidole upande wa kulia?

Mmoja akasema ni kutelezesha kidole. Mwingine akapendekeza "kumpitisha", kama mtihani. Mwenzetu wa Mombasa akatuambia kwao watu huchanganya tu Kiingereza na maisha yanaendelea. Makoti yakarudishwa kwenye viti na maneno mengine yakaanza kuja bila kuitwa. Anayekata mawasiliano ghafla bila kuaga, huyo amekukaushia. Anayesoma ujumbe, tiki zikageuka za bluu na jibu lisije, amekuchunia. Anayeomba hela kila akikusalimu anakupiga mizinga. Na anayetumiwa nauli ya kuja kukutana nawe, kisha akazima simu, amekula nauli. Kumbe Kiswahili hakikuachwa nyuma na mapenzi ya simu. Kilichotushangaza ni kwamba karibu maneno yote tuliyoyaandika ubaoni jioni ile yalihusu ama kunyamaziwa au pesa.

Tuanze na mshenga, maana yeye ndiye aliyenyang'anywa kazi. Kwetu pwani mtu hakujiposea. Alitumwa mtu mzima mwenye ulimi mzuri, anayejulikana nyumba zote mbili. Kazi yake haikuwa kuwakutanisha wawili tu. Alipeleleza tabia, aliyabeba maneno makali ya huku akayalainisha njiani kabla ya kuyafikisha kule, na ndoa ikiyumba yeye ndiye aliyegongewa mlango usiku. Hatutaki kumpamba kupita kiasi. Washenga walijua kudanganya, na wapo bibi zetu walioozwa kwa sifa za mwanamume waliyemwona kwa mara ya kwanza chumbani. Lakini mshenga alikuwa na mlango wa kugongwa.

Mshenga wa leo yuko mfukoni. Match.com ilifunguliwa mwaka 1995, Tinder ikafuata mwaka 2012, na kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Wanasosholojia walioongozwa na Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2019 uchunguzi unaoonyesha kwamba kati ya wapenzi wa jinsia mbili walioanza uhusiano Marekani mwaka 2017, kiasi cha asilimia 39 walikutana mtandaoni. Waliopoteza nafasi yao ni marafiki, wale wa "njoo Jumamosi, kuna mtu nataka umwone". Wala usidhani kwamba ukichoshwa na programu moja ukahamia nyingine umemkimbia mwenye duka. Tinder, Hinge na OkCupid zote ni za kampuni moja, Match Group.

Kinachotusumbua zaidi ni hesabu ya biashara yenyewe. Mshenga sifa yake ilipanda siku ndoa ilipofungwa. Programu inaingiza fedha kwa ada ya kila mwezi, na anayelipa ni yule ambaye bado anatafuta. Aliyempata mtu wake anaifuta. Hatusemi kwamba kuna mtu ameketi ofisini anawazuia watu wasipendane. Tunasema tu kwamba duka linalompoteza mteja kila linapomtosheleza lina sababu ya kutokuwa na haraka.

Na bei zenyewe! Mwaka 2015 Tinder ilipoanza kuuza huduma ya kulipia, Marekani walio chini ya miaka 30 walitakiwa dola 9.99 kwa mwezi, waliovuka 30 dola 19.99. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya California ikaona kwamba huo ni ubaguzi wa umri. Mtu aliyekulia karibu na soko hahitaji mwanasheria wa kumweleza: muuzaji kamwangalia mteja usoni, kaona kakawia na ana haraka, kapandisha bei.

Wapo waliojaribu kumrudisha mzee ndani ya simu. Hapa hapa London Shahzad Younas alianzisha programu ya Waislamu, muzmatch, ambayo mtumiaji akitaka anaweza kumwingiza walii wake kwenye mazungumzo, asome kinachoandikwa. Wenzetu wa Muscat, ambao bibi zao walihama Unguja na Kiswahili chao mdomoni, wanatuambia kwamba kipengele hicho ndicho kilichowatuliza mama zao. Mwaka 2022 Match Group iliishinda programu hiyo mahakamani hapa Uingereza katika kesi ya alama za biashara, nayo ikabadili jina ikawa Muzz. Yaani hata neno la kukutanisha watu lina mwenyewe siku hizi, na ukiligusa unashitakiwa.

Mwanachama mmoja anayesoma uchumi alituletea ule utafiti maarufu wa jemu. Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha mwaka 2000 jaribio lililofanyika kwenye duka la vyakula huko California: palipowekwa jemu aina 24 za kuonja, asilimia 3 tu ya waliosimama mezani walinunua, palipowekwa aina sita, walinunua asilimia 30. Hoja yake ni kwamba wanadamu wa kwenye simu ni kama jemu: wakiwa wengi hatumchagui yeyote. Sisi hatukushawishika. Watafiti wengine waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakupata tofauti hiyo kila mara, na isitoshe jemu haikuchagui wewe. Kinachoumiza kwenye programu hizi, kwa walio wengi tunaowajua, ni kwamba wao wenyewe wamewekwa mezani, waonjaji wanapita, na hawaambiwi kasoro yao ni nini.

Tuyaache hayo twende kwenye simu za kwetu, ambako mapenzi ya kidijitali hayakuanza na picha. Yalianza na kubipu. Kabla ya bando kuwa rahisi, kijana alimpigia mpenzi wake ikaita mara moja akakata, na mlio huo mmoja ulikuwa na maana waliyoelewana wenyewe: nimefika, nakukumbuka, toka nje. Haukugharimu hata senti. Kisha ikaja M-Pesa, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na simu iliyokuwa ya kubipu ikawa pochi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile sharti ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na ambalo wanafunzi wetu wa Kiingereza huchukua muda kulielewa: tuma na ya kutolea. Ukituma shilingi 10,000 tupu, mwenzako akienda kwa wakala atakatwa, hatatoka na 10,000. Mwenye adabu huongeza ile ada. Wapo wanaoapa kwamba hicho ndicho kipimo kamili cha penzi, kwamba asiyetuma na ya kutolea bado hajaamua.

Wazee hulalamika kwamba vijana wa leo wanapenda fedha. Hatuungani nao. Fedha ilikuwamo tangu zamani, na ilikuwa na majina: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, na hata kifungua mlango. Tofauti tunayoiona ni kwamba ile ilitolewa mbele za watu, mara moja, ikapokelewa na wakubwa, na kila mtu alijua kiasi. Hii ya leo inadondoka kidogo kidogo, faraghani, na kila tone linaacha ujumbe wenye tarehe, saa na dakika. Wakigombana, mtu anarudi nyuma kwenye simu yake na kujumlisha. Tumeshawahi kusikia watu wakidaiana hata hela ya chipsi, skrinishoti mkononi. Mpenzi wa zamani alichoma barua akasahau. Wa leo ana taarifa ya akaunti.

Kuhusu pete tuna jambo la kusema kwa kirefu kidogo, kwa sababu watu hudhani kwamba ununuzi wa mapenzi ni ugonjwa uliotushukia kutoka Ulaya nasi tukiwa watazamaji tu. Waswahili wanasema chanda chema huvikwa pete, na methali hiyo haitaji almasi. Almasi ilikuja na tangazo. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa kampuni ya matangazo ya N.W. Ayer ya Philadelphia, aliwaandikia De Beers maneno machache ya Kiingereza yenye maana kwamba almasi ni ya milele, na kutoka hapo Marekani nzima ikafundishwa kwamba uchumba bila jiwe ni uchumba wa mashaka. Miaka ya 1980 matangazo ya kampuni hiyo yalifika hadi kupima: mshahara wa miezi miwili.

Sasa, mwaka ule ule wa 1947, kwenye mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilichimbwa almasi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake ya Novemba. Ilipokatwa na kusuguliwa ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya ua la bruchi. Kwa hiyo jiwe limo kwenye historia yetu, tena kwenye harusi mashuhuri kuliko zote za wakati ule. Ila lilitoka tu. Kijana wa Shinyanga anayetaka kuvisha pete leo huinunua dukani kama anavyoinunua kijana wa Leicester, na huenda picha aliyomwonyesha sonara kaipata Instagram.

Tukitaja harusi hatuwezi kuyapita makundi ya WhatsApp, japo tutayapita haraka, kwa kuwa kila msomaji aliyeko ughaibuni ana kidonda chake. Unaamka asubuhi, umeongezwa kwenye kundi la kamati ya harusi ya mtoto wa rafiki wa shangazi. Mweka hazina anapandisha orodha ya ahadi kila jioni, majina na kiasi, waliomaliza wakiwekewa tiki ya kijani. Jina lako lina sifuri, na pembeni pameandikwa "UK". Hakuna anayeuliza kama una mkopo wa ada.

Lakini jambo lililotufanya tuziahirishe kanga ni jingine, na tunaliandika kwa ruhusa ya wenyewe.

Mwanachama mwenzetu, mzaliwa wa huku mwenye wazazi wa Tanga, anasoma shahada ya pili siku mbili kwa wiki na siku zilizobaki anafanya kazi kwenye ghala. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Hawakukutana mtandaoni, walikutana Tanga kwenye harusi ya binamu, yeye akiwa amebebeshwa sinia la pilau. Simu ilikuja baadaye, bahari ilipowatenga. Wana ndoa ya miaka miwili, na sasa wanaomba viza ili mke aje.

Sheria ya Uingereza inataka wawe wameonana ana kwa ana, na uhusiano wao uwe wa kweli na wenye kuendelea. Inataka pia kipato. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 anayemwombea mwenzi wake anatakiwa kuonyesha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 18,600, kiwango kilichowekwa mwaka 2012. Juu yake kuna ada ya maombi, na ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Mahari aliyotajiwa Tanga aliimaliza siku moja. Wazee wa kule hawakumwuliza anapata kiasi gani kwa mwaka. Walimwuliza mama yake ni nani na anaswali msikiti gani.

Ili kuzifikia pauni 29,000 amechukua zamu za usiku. Anapotoka ghalani saa kumi na mbili asubuhi, Tanga ni saa tatu wakati huu wa baridi na mkewe yuko darasani. Mkewe anapopumzika jioni, yeye amelala au yuko kwenye basi. Basi wanaachiana sauti. Mke anarekodi dakika nne akimenya viazi, mume anasikiliza akipanga maboksi, sikio moja wazi ili msimamizi akiita asikie. Na hapo ndipo kwenye tatizo: faili la viza linataka karatasi. Mapenzi yao ya mwaka huu wote yako kwenye sauti, na kilichoandikwa ni kidogo. Anafanya kazi ili athibitishe kipato, na kazi hiyo hiyo inampunguzia ushahidi wa kwamba ana mke.

Tena nyaraka zisizo za Kiingereza au Kiwelisi lazima ziambatane na tafsiri inayoweza kuthibitishwa. Klabu yetu haina mamlaka hayo. Mtafsiri analipwa, tena kwa neno. Tulichoombwa ni kusaidia kuchagua. Jumamosi moja tukakaa wanne na rundo la karatasi zilizochapwa, baada ya mke mwenyewe kutoa zile ambazo si zetu kuziona, na kila mmoja akapewa kalamu ya rangi azipigie mstari meseji zinazoonyesha upendo.

Nusu saa ilipita karatasi zikiwa nyeupe. Katika miezi minne "nakupenda" ilitokea mara tatu, na moja ilikuwa ya utani. Yaliyojaa ni haya: Umekula? Umefika? Pole na kazi. Mama anakusalimu. Haya, lala sasa. Mvua huku. Umekula?

Sisi wanne tulijua tunachokisoma. Lakini mmoja wetu, Mwingereza wa mwaka wa tatu, akajiweka kwenye kiti cha ofisa, akaanza kututafsiria kwa sauti, na kila kitu kikaanguka. "Pole na kazi" kwa Kiingereza inakuwa kama mtu anaomba radhi. Ofisa ataona mke anayeomba msamaha kila jioni kwa kosa lisilotajwa. "Haya" haina pa kwenda. Na "umekula" mara arobaini na saba, bila moyo mwekundu hata mmoja, ni ushahidi wa nini? Wa mpishi na mteja wake. Tukajaribu njia tofauti. Mwingine akasema tuongeze maelezo ya chini, mwalimu wetu aandike barua kueleza kwamba katika lugha hii anayekupenda hukuuliza habari za tumbo. Mmoja, hatutamtaja, akashauri kwamba kuanzia usiku ule waanze kuandikiana kama watu wa tamthilia za Kifilipino, mioyo na maua, wapate kurasa kumi za haraka.

Mume akamtumia mkewe pendekezo hilo. Jibu likaja kwa sauti, bila shaka, na akatuwekea tulisikie: "Mimi siandiki mapenzi ya sinema. Wapelekeeni ya gesi."

Ya gesi ni meseji kumi na moja za tarehe moja mwezi Oktoba. Mtungi uliisha asubuhi. Mume, akitoka zamu, akatuma hela kamili ya kujaza mtungi, shilingi kwa shilingi, akalala. Hakuweka ya kutolea. Mke akaenda kwa wakala, hela ikapungua, muuza gesi hakopeshi. Akapika kwa mkaa. Meseji sita za kwanza ni ugomvi ambao hatuwezi kuunakili hapa, ya saba ni "Umeamka?", ya nane anaomba samahani, ya tisa ni risiti ya ile ada iliyobaki, imetumwa mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, ya kumi, "Umezidisha", ya kumi na moja, "Umekula?"

Tulizipigia mstari zote kumi na moja, na zimewekwa ukurasa wa kwanza wa faili, juu ya picha za harusi. Mtafsiri anatoza kwa neno la Kiingereza. "Na ya kutolea" imemchukua maneno tisa. Kinachosubiriwa sasa ni karatasi ya mshahara ya mwezi wa sita, itakayotoka tarehe 28.